Likizo ya uzazi, ugonjwa na kuuguza: namna ya kuipata Dodoma na kazi ikabaki yako

Mtu anayefanya kazi Dodoma mjini na wazazi wake wako Mpwapwa, Kondoa au Manyoni anajua kuomba ruhusa si kazi ngumu. Shida iko kwenye siku zenyewe: zipi ni zako kisheria, zipi unapewa kwa hisani ya bosi, na zipi ukizichukua bila karatasi zinahesabika utoro. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, Sura 366, imezitaja siku hizo kwa namba. Namba hizo ni kima cha chini. Mkataba wako, au mkataba wa hali bora ambao chama cha wafanyakazi kimesaini na mwajiri, unaweza kukupa zaidi lakini hauwezi kukupa pungufu. Kwa hiyo kabla hujaandika barua yoyote, ombeni tawi lenu nakala ya mkataba wa hali bora. Upo kwenye sehemu nyingi za kazi, na wanachama wengi hawajawahi kuufungua.

Maelezo haya ni ya Tanzania Bara. Watumishi wa umma, wale wa mji wa serikali wa Mtumba na wa halmashauri, wana pia Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma, na pale ofisi inapopitisha maombi kwenye mfumo wa kielektroniki wa watumishi, ESS, waombe humo humo. Hata hivyo utunzaji wa karatasi ni ule ule.

Tarehe ya kuajiriwa

Toa mkataba wako, tafuta tarehe uliyoanza kazi, iandike mahali unapoiona. Kwa likizo ya mwaka, mzunguko ni miezi 12 kuanzia tarehe hiyo. Kwa likizo nyingine zote, yaani uzazi, likizo ya baba, ugonjwa, mtoto kuugua na msiba, mzunguko ni miezi 36. Wengi hudhani kila Januari kila kitu kinaanza upya. Sivyo. Aliyeanza kazi tarehe 1 Machi 2024, mzunguko wake wa miezi 36 unaisha tarehe 28 Februari 2027, na siku za ugonjwa alizotumia mwaka 2024 bado zinamhesabia mwaka 2026.

Hesabu hiyo hiyo wakati mwingine inakubeba. Chukua mwajiriwa wa kampuni binafsi aliyeanza kazi tarehe hiyo, akajifungua Novemba 2026 na tena Oktoba 2028. Watoto wamepishana chini ya miaka miwili, lakini uzazi wa kwanza umeangukia mzunguko wa kwanza na wa pili umeangukia mzunguko wa pili. Maofisa rasilimali watu wengi huhesabu miaka mitatu kutoka uzazi uliopita na kumkatalia mtu malipo. Sheria inahesabu kutoka siku ya kuajiriwa.

Mwenye chini ya miezi sita kazini hana likizo ya malipo chini ya sehemu hii ya sheria. Kuna watu wawili wanaotoka kwenye kizuizi hicho. Wa kwanza ni mfanyakazi wa msimu, kwa mfano anayeajiriwa kuvuna zabibu kule Mpunguzi au Hombolo. Wa pili ni yule anayeitwa na mwajiri mmoja zaidi ya mara moja kwa mwaka, na jumla ya vipindi vyake ikapita miezi sita ndani ya mwaka huo. Huyu ndiye kibarua anayeambiwa kila siku kwamba "wewe hujaajiriwa". Akiwa na miamala ya malipo kwenye simu na ujumbe wa kuitwa kazini, ushahidi anao.

Jambo moja la fedha mapema: malipo ya likizo hukokotolewa kwa mshahara wa msingi. Kama kipato chako kinajengwa na posho ya usafiri, chakula na saa za ziada, siku za likizo utaona pengo. Usilishangae mwisho wa mwezi. Lijue kabla hujapanga bajeti.

Likizo ya uzazi

Haki ni siku 84 zenye malipo, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka, mama ana siku nyingine 84 za malipo ndani ya mzunguko huo huo. Hii ya mwisho haijulikani kabisa, na mama aliyefiwa hana nguvu ya kwenda kusoma sheria, hivyo anayemsaidia aikumbuke. Mwajiri analazimika kulipia uzazi wa mara nne tu. Marekebisho ya sheria za kazi yaliyopitishwa na Bunge mapema mwaka 2025 yameongeza muda kwa mama aliyejifungua mtoto njiti, kwa hiyo mtoto akizaliwa kabla ya wakati, omba hospitali iandike umri wa mimba kwa wiki siku ya kujifungua. Bila namba hiyo, madai ya siku za nyongeza hayana pa kusimamia.

Taarifa itolewe angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, ikiambatana na cheti cha daktari. Nakala ya kadi ya kliniki pekee mara nyingi hurudishwa. Nenda kliniki unayohudhuria, iwe kituo cha afya Makole au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, omba barua fupi yenye jina lako kamili, tarehe ya matarajio, jina na sahihi ya daktari na muhuri. Likizo yenyewe unaweza kuianza wakati wowote kuanzia wiki nne kabla ya tarehe hiyo, au mapema zaidi kama daktari ameandika kwamba afya yako au ya mtoto inahitaji.

Hapo ndipo pa kukaa na kalenda. Tuseme tarehe ya matarajio ni 10 Septemba 2026. Taarifa iwe imepokelewa kabla ya tarehe 10 Juni. Siku ya mapema kabisa ya kuanza likizo ni 13 Agosti. Ukianza siku hiyo, siku ya 84 ni 4 Novemba na unarudi kazini tarehe 5. Mtoto akichelewa kwa wiki moja, akazaliwa tarehe 17 Septemba, unabaki naye siku 49 tu kabla ya kurudi, maana siku zilizoliwa kabla ya kujifungua hazirudi. Ukianza tarehe 3 Septemba, siku ya 84 ni 25 Novemba. Mwenye mimba salama na kazi ya kukaa ofisini, ushauri wetu ni aanze wiki moja kabla. Anayesimama saa nane kutwa hotelini au anayepanda daladala mbili kwenda kazini asijilazimishe. Aombe daktari aandike, aanze mapema.

Unaweza kuunganisha na likizo ya mwaka ya siku 28 kama muda wake umefika na mwajiri ameikubali. Kwa mfano wetu, likizo ya mwaka ingeanza 26 Novemba na kuisha 23 Desemba. Iombe kwa barua tofauti. Ukiweka vyote kwenye barua moja, ofisi huandika "likizo siku 84" na siku 28 zako zinamezwa humo. Sheria haimruhusu mwajiri kukupa likizo ya mwaka badala ya likizo nyingine unayostahili, kwa hiyo siku 56 za uzazi na 28 za mwaka hazifanyi likizo ya uzazi, hata kama ofisi nzima imezoea hivyo.

Barua isizidi ukurasa mmoja:

Meneja Rasilimali Watu,
(jina la mwajiri na anwani),
Dodoma.
1 Juni 2026

YAH: TAARIFA YA LIKIZO YA UZAZI

Husika na mada tajwa hapo juu.

Napenda kukutaarifu kuwa natarajia kujifungua tarehe 10 Septemba 2026, kama inavyoonekana kwenye cheti cha daktari nilichoambatanisha. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura 366, nitakuwa kwenye likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84 kuanzia tarehe 3 Septemba hadi 25 Novemba 2026. Kazi zangu nitakuwa nimezikabidhi kabla ya tarehe 28 Agosti 2026.

Wako mtiifu,
(jina, cheo, namba ya mfanyakazi, sahihi)

Chapisha nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine inagongwa muhuri wa "imepokelewa" pamoja na tarehe na sahihi ya aliyeipokea, kisha unaondoka nayo. Kama masjala hawataki kugonga muhuri, ipige picha, itume kwa barua pepe ya ofisi siku hiyo hiyo, na mwombe katibu wa tawi au mfanyakazi mwenzako awepo unapoikabidhi. Kumwambia bosi kwa mdomo kwenye korido, hata kama amekupongeza, hakukusaidii akija kuhamishwa na mwingine akashika kiti chake.

Wakati wa ujauzito na wa kunyonyesha mwajiri haruhusiwi kukupa kazi ya hatari kwako au kwa mtoto. Mfano wa karibu ni kupulizia dawa kwenye mashamba ya zabibu, au kubeba mizigo ghalani. Pale inapowezekana, anapaswa kukupa kazi nyingine kwa masharti yasiyopungua ya mwanzo. Na baada ya kujifungua, hakuna kazi ndani ya wiki sita mpaka daktari athibitishe kwamba unaweza. Simu za "njoo mara moja tu utusaidie kufunga hesabu" zinaangukia hapo.

Mwanachama wa NSSF aangalie pia fao la uzazi, ambalo ni tofauti na mshahara wa likizo. Linahitaji michango ya miezi 36, na kati ya hiyo 12 iwe imelipwa ndani ya miezi 36 kabla ya kujifungua. Kinachoangusha wengi ni michango ambayo mwajiri amekata na hakuipeleka. Chukua taarifa ya michango yako mimba ikiwa bado changa, si wiki unayotoka hospitali. Ukiona miezi imeruka, una muda wa kudai.

Baba

Ni siku 3 zenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Siku ya nane zimekufa. Hizo tatu ndizo zote ndani ya miezi 36, hata wakizaliwa watoto wawili. Peleka tangazo la kizazi kutoka hospitali likiwa na jina lako kama baba. Likiandikwa jina la mama peke yake, ofisi ina haki ya kuuliza uthibitisho. Anayetaka kukaa nyumbani zaidi aongeze siku za likizo ya mwaka, na aziombe mwezi mmoja kabla, si kutokea wodini.

Ukiugua mwenyewe

Kwa kila miezi 36 una siku 126 za ugonjwa: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Malipo yanategemea cheti cha daktari aliyesajiliwa, au mtabibu mwingine ambaye mwajiri amemkubali. Mwajiri hawezi kumkataa mtabibu huyo bila sababu ya msingi. Karatasi ya duka la dawa si cheti, wala risiti ya vipimo.

Hapa Dodoma cheti hicho watu wanakiita ED, na ndicho kinachovuruga kesi nyingi kuliko ugonjwa wenyewe. Kiangalie kabla hujatoka chumba cha daktari: jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye mkataba, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, jina la daktari, sahihi, muhuri wa hospitali. "Apumzike siku kadhaa" haitoshi. Halafu angalia mahali ED moja inapoishia na nyingine inapoanzia. Daktari anakupa siku 7 zinazoisha Ijumaa, anakupangia kurudi kliniki Jumanne, na Jumanne anakupa siku 7 nyingine kuanzia siku hiyo. Jumatatu haina karatasi. Ukiwa mfanyakazi wa zamu, Jumamosi na Jumapili nazo hazina. Siku tatu za namna hiyo zikijirudia mara mbili tu, umepita siku tano bila ruhusa, na utoro wa zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa au sababu inayokubalika ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Mwombe daktari ED ifike mpaka siku ya kurudi kliniki. Kwa kawaida hawakatai. Tatizo ni kwamba hawaulizwi.

Taarifa ya kwanza itoke siku ile ile unayoshindwa kwenda kazini, kwa ujumbe wa maandishi: "Habari za asubuhi. Naumwa, nipo Hospitali ya Benjamin Mkapa, nitaleta ED leo au kesho." Ukishindwa kuandika, mwenza au ndugu aandike kwa simu yako. Picha ya ED itumwe mara inapopatikana, na karatasi yenyewe ifuate ofisini ndani ya bahasha, kwa mtu wa rasilimali watu, si kuachwa mezani kwa mapokezi ambako kila anayepita atasoma ugonjwa wako. Baki na nakala.

Weka daftari la siku za ugonjwa. Ofisi ikikuambia umefika siku ya 63 na daftari lako linasema 51, mtakaa na kulinganisha ED moja moja. Bila daftari utapokea nusu mshahara na kunyamaza. Na nusu mshahara inauma kuliko inavyosikika, kwa sababu marejesho ya mkopo hayapungui nusu. Mshahara wa msingi wa Sh 600,000 unakuwa Sh 300,000, rejesho la benki la Sh 220,000 linabaki palepale, na mchango wa mfuko wa hifadhi bado haujakatwa. Ukiona matibabu yatavuka miezi miwili, nenda benki wiki ya sita au ya saba ukaombe kupangiwa upya rejesho. Benki inamsikiliza zaidi mtu ambaye bado hajachelewa.

Kama umeumia ukiwa kazini, au ugonjwa umetokana na kazi, njia ni nyingine: mwajiri atoe taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Ukikubali kuandikiwa likizo ya ugonjwa ya kawaida, siku zako 126 zinaliwa na ajali ambayo mfuko ungepaswa kuilipia.

Siku 126 zikiisha na bado hujapona, ajira haifi yenyewe. Mwajiri anatakiwa kuangalia chanzo cha ugonjwa, ukubwa wake, kama ni wa muda au wa kudumu, na kama ipo kazi nyepesi unayoweza kufanya, na akusikilize kabla ya kuamua. Njoo kwenye kikao hicho na maoni ya daktari yanayosema unaweza kufanya nini, si yanayosema tu unaumwa.

Anapougua au kufariki mtu wako

Sehemu hii ya sheria ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Una siku 4 zenye malipo kwa mtoto wako kuugua au kufariki, au kwa kifo cha mke au mume, mzazi, babu, bibi, mjukuu, kaka au dada. Soma tena orodha hiyo. Ugonjwa unaotajwa ni wa mtoto peke yake. Mama yako akilazwa, mkeo akifanyiwa upasuaji, hakuna siku ya malipo iliyowekwa kwa ajili hiyo. Mkwe, shemeji, mjomba, shangazi, baba mdogo na baba mkubwa hawamo hata wakifariki. Na siku hizo 4 ni jumla ya miezi 36 yote, si kwa kila tukio. Mtoto akilazwa siku tatu mwaka huu, imebaki moja mpaka mzunguko uishe.

Kwa hiyo zitunze. Mtoto akipata homa ya siku moja, badilishana zamu na mwenzako, kwa maandishi na idhini ya msimamizi. Kumbuka baba ana siku zake 4 na mama zake 4, kila mmoja kwa mwajiri wake. Mtoto akilazwa kwa wiki nzima mpokezane, msizichome kwa pamoja wodini. Akiwa amelazwa, omba karatasi inayoonyesha tarehe ya kulazwa na ya kuruhusiwa. Kwa msiba, kibali cha mazishi au cheti cha kifo kinatosha.

Baba mdogo aliyekulea tangu utoto kwa Kigogo na kwa Kirangi ni baba, lakini cheti cha kifo kitakuwa na jina lake, na faili lako la ofisini lina jina la baba mwingine. Usiandike "nimefiwa na baba mzazi". Uongo kwenye fomu ya ruhusa ni kosa zito kuliko siku mbili za kukosa kazini. Andika ukweli, eleza uhusiano, omba siku za ziada. Mwajiri akikubali anaweza kukuongezea siku, na kwa sheria hizo za ziada hazina malipo.

Kumuuguza mzazi kwa wiki kadhaa kunahitaji kupangwa kwa tabaka. Anza na likizo ya mwaka: ni siku 28 mfululizo, sikukuu zikiwa ndani, na malipo yake yanatakiwa kutolewa kabla hujaanza. Mwajiri ndiye anayepanga lini, lakini hawezi kuisogeza zaidi ya miezi sita baada ya mzunguko kuisha, au miezi 12 kama umekubali na kazi inalazimisha. Kuikata vipande, siku 14 sasa na 14 baadaye, inategemea makubaliano. Uliza pia ile "ruhusa ya dharura" unayojaziwa kwenye fomu inatoka wapi, kwa sababu siku za malipo ulizoomba mwenyewe katikati ya mwaka mwajiri anaweza kuzitoa kwenye 28. Kuna watu hufika Desemba wakiwa wamebakiwa na siku 11 na hawajui nyingine zilienda wapi.

Ikiisha hiyo, omba likizo isiyo na malipo. Marekebisho ya mwaka 2025 yameiweka kwenye sheria, hadi siku 30 kwa makubaliano na mwajiri. Neno la kushika hapo ni makubaliano: usiondoke kwa sababu umeomba, ondoka kwa sababu umejibiwa. Barua ya majibu iwe na tarehe ya kuanza, tarehe ya kurudi, kauli kwamba ajira inaendelea, na nani atalipa michango ya bima ya afya kwa mwezi huo. Hilo la bima lisikupite. Kama mama yako anatibiwa kwa kadi inayotokana na ajira yako, mwezi usio na mchango unaweza kuifunga kadi katikati ya matibabu yale yale uliyoombea likizo.

Ndugu nao wapangwe. Kikao cha familia mara nyingi humwachia mzigo aliye Dodoma mjini kwa sababu "yuko karibu na hospitali". Aliye karibu ndiye pia aliye na mwajiri. Gawaneni usiku na mchana: asiye na ajira akae mchana wa siku za kazi, mwajiriwa ashike jioni na mwisho wa wiki, na aliye mbali achangie nauli na chakula cha anayekaa.

Kurudi kazini na kunyonyesha

Mama anarudi kwenye ajira yake kwa masharti yale yale. Kukuta kiti kimepewa mtu na wewe umesogezwa kwenye kazi ya mshahara mdogo si "mabadiliko ya ofisi". Mwenye mkataba wa muda maalumu unaoisha katikati ya likizo awe mwangalifu zaidi: likizo haiurefushi mkataba. Lakini kama uliwahi kuongezewa au kuahidiwa kuongezewa, tunza maandishi hayo, kwani kutoongezewa mkataba ambao ulikuwa na sababu ya kuutegemea kunaweza kuhesabika ni kuachishwa kazi isivyo halali.

Una hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya saa za kazi. Zinavyogawanywa ndiko kwenye kazi. Anayefanya kazi Mtumba, kama kilomita 17 kutoka katikati ya mji, na anayeishi Nkuhungu, akitoka saa sita mchana kwa daladala saa mbili zote zitaishia barabarani. Kwake ni bora atoke saa mbili mapema jioni, na mchana akamue maziwa ofisini. Anayeishi Ihumwa anaweza kwenda na kurudi. Chagua, andika barua ya mistari mitatu, ipate saini ya msimamizi. Vinginevyo kila msimamizi mpya atakuuliza unakwenda wapi saa nane na nusu. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kwa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na mchana wa Dodoma mwezi Oktoba na Novemba hupita hapo. Yaweke kwenye friji, ambako hukaa hadi siku 4, au beba chombo chenye barafu.

Wakikukatalia

Kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito, au kwa sababu ametumia haki aliyopewa na sheria, si sababu halali. Majukumu ya kifamilia nayo yametajwa kati ya mambo ambayo hayaruhusiwi kuwa msingi wa ubaguzi kazini. Anza kwa barua kwa mwajiri ukiomba sababu za kukataa kwa maandishi, nakala kwa tawi la chama. Afisa Kazi wa mkoa anaweza kuja kukagua na kumwandikia mwajiri amri ya kutekeleza sheria. Kwa jambo ambalo linawahusu wafanyakazi wengi, kama nusu ya idara kunyimwa likizo ya mwaka, njia hiyo ni ya haraka.

Kwa mwajiriwa wa sekta binafsi, mgogoro wenyewe unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, yenye ofisi hapa Dodoma. Unajaza fomu ya CMA F1. Kama umeachishwa kazi una siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Migogoro mingine, ikiwemo kunyimwa likizo au malipo yake, ni siku 60. Barua za kubembelezana na mwajiri hazisimamishi saa hiyo. Aliyeachishwa tarehe 3 Machi, siku yake ya mwisho ni 2 Aprili, hata kama meneja aliahidi kumpigia simu baada ya Pasaka. Ukichelewa itabidi uombe kuongezewa muda kwa fomu ya CMA F2 na kueleza kila siku iliyopotea, na si wote wanaokubaliwa. Walio na chini ya miezi sita kazini hawawezi kufungua shauri la kuachishwa kazi isivyo halali, ingawa madai ya ubaguzi yanabaki wazi kwao.

Fomu hiyo mpelekee mwajiri kwanza nakala yake, apokee kwa muhuri na sahihi, ndipo uipeleke Tume pamoja na uthibitisho kwamba ameipata. Watu wengi hurudishwa dirishani kwa kukosa hilo, siku ya 29. Beba nakala za mkataba, hati za mshahara za miezi ya karibuni, barua ya likizo yenye muhuri, ED zote kwa mpangilio wa tarehe, na picha za ujumbe wa simu zikiwa zimechapishwa, namba na tarehe zikionekana.